Sukre Isiyo na Sukari: Je, Itapunguza Uzito Wako?



Labda ulikwenda hospitali, ukapanda juu ya mizani, naye mganga akakuambia, "Mama, uzito wako umezidi. Yafaa upunguze." Labda uliambiwa tena kwamba tension yako iko juu, au kwamba sukari imezidi katika damu yako. Ukarudi nyumbani na swali moja: Nitaanza wapi?

Kisha jirani akakushauri: "Nenda dukani, ununue kile kikopo kilichoandikwa zéro. Ni kitamu kama sukre nyingine, lakini hakina sukari. Kunywa hicho, na unene utaisha." Mwingine akasikia, akasema: "Hapana! Kikopo kile kinanenepesha kuliko sukre yenyewe, tena kinaleta kansere."

Nani asema kweli? Swali hili si dogo. Mtu akitumaini kitu kisichomsaidia, atapoteza fedha zake na miezi yake, na ugonjwa utaendelea. Na mtu akiogopa kitu pasipo sababu, labda ataacha msaada ambao ungemfaa. Basi tuliangalie jambo hili taratibu.

1. NI NANI ANAYEPASWA KUPUNGUZA UZITO?

Kwetu watu wengi husifu unene. Mume akinenepa, watu husema mke wake anamtunza vema. Mama akikonda, watu huuliza kama ana ugonjwa au ana huzuni nyumbani mwake. Lakini mwili una kipimo chake. Uzito ukipita kipimo, moyo hufanya kazi nyingi, tension hupanda, magoti huuma, na ugonjwa wa kisukari hupata njia ya kuingia.

Unaweza kujipima mwenyewe. Twaa uzito wako kwa kilo, uugawanye kwa urefu wako kwa mita. Jibu utakalopata uligawanye tena kwa urefu wako. Mfano: mama ana kilo 80, na urefu wake ni mita 1 na sentimita 60. Kilo 80 tukizigawanya kwa 1,60 tunapata 50. Hiyo 50 tukiigawanya tena kwa 1,60 tunapata 31.

Kwa mtu mzima, jibu likiwa kati ya 18,5 na 25, ni vema. Likiwa kati ya 25 na 30, uzito umezidi. Likifika 30 au zaidi, huo ni unene wenye hatari. Basi mama huyu yampasa kupunguza. Lakini asikate tamaa. Hata akipunguza kilo 4 tu, tension yake na sukari ya damu yake zaweza kuanza kurudi mahali pema.

Lakini sikilizeni: mafundisho haya si ya kila mtu. Mama mwenye mimba asijaribu kupunguza uzito pasipo shauri la mganga. Mtoto anayekua, mtu aliyekonda, na mgonjwa wa kifua kikuu wanahitaji chakula kizuri cha kutosha. Na mtu anayekonda pasipo kukusudia, asifurahi. Aje hospitali apimwe.

2. CHUPA MOJA YA SUKRE INA NINI NDANI YAKE?

Sisi huviita vinywaji vya chupa "sukre", na jina hilo ni la haki, kwa maana limetoka katika neno la Kifaransa la sukari. Chupa au kikopo cha mililita 330 cha kola ya kawaida kina gramu 35 za sukari. Hizo ni kama vijiko 9 vidogo vya chai.

Jaribu kutia vijiko 9 vya sukari katika glasi moja ya maji, ukoroge, unywe. Wengi watashindwa kuimaliza. Lakini katika sukre twavinywa vyote pasipo kuona shida, kwa sababu baridi na uchachu huficha utamu ule.

Nguvu iliyo ndani ya chakula hupimwa kwa kalori. Chupa ile moja ina kalori 140 hivi. Nguvu ambayo mwili hauitumii huwekwa akiba, na akiba hiyo ndiyo mafuta ya tumboni na mapajani. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7.700. Basi kwa hesabu, chupa 55 za sukre zilizopita mahitaji ya mwili zaweza kuwa kilo moja ya mafuta. Mtu anayeongeza chupa moja kila siku hufikia hesabu hiyo kabla ya miezi miwili kwisha.

Tena kuna neno lingine. Ukila sahani ya maharage, tumbo linajua kwamba umekula, nawe huachi nafasi ya sahani nyingine. Lakini ukinywa sukre, tumbo halihesabu vizuri. Baada ya chupa mbili bado utakula bugali yako yote.

Mwaka 2015 Shirika la Afya la Ulimwengu, ambalo kwetu huitwa OMS, lilitoa shauri juu ya sukari inayotiwa katika vyakula na vinywaji. Kwa mtu mzima wa kawaida isizidi gramu 50 kwa siku, yaani vijiko 12 hivi. Na ni bora zaidi isizidi gramu 25, yaani vijiko 6. Waona, chupa moja tu imekwisha kupita hiyo hesabu ya pili.

Watu wengi wa kanisa hawanywi pombe, na hilo ni jambo jema kwa afya. Lakini kwenye arusi, kwenye matanga, na siku za sikukuu, mahali pa pombe pamejaa sukre. Mtu huketi pale tangu saa nane ya mchana mpaka usiku, akinywa chupa tatu au nne. Hakulewa. Lakini amekwisha kunywa vijiko 27 au 36 vya sukari.

3. KINYWAJI KISICHO NA SUKARI KILITOKA WAPI?

Mwaka 1879, Constantin Fahlberg alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya kupimia dawa ya chuo kikuu huko Baltimore, Marekani. Siku moja alipokuwa akila, aliona kwamba mkono wake ni mtamu. Alitafuta kilichosababisha utamu huo katika vyombo vyake vya kazi, na hivyo ikajulikana sakarini. Sakarini ni tamu kuliko sukari mara 300 hivi. Tone dogo tu latosha kukoleza chupa nzima, nalo haliupi mwili nguvu.

Baadaye vikolezo vingine vya utamu vilijulikana. Siklamati ilijulikana mwaka 1937. Aspartamu ilijulikana mwaka 1965, nayo ni tamu kuliko sukari mara 200 hivi. Sukralosi ilifuata mwaka 1976, na utamu wake ni kama mara 600. Kuna pia stevia, inayotoka katika majani ya mmea wa Paraguay, Amerika ya Kusini, ambako wenyeji walikuwa wakikoleza vinywaji vyao kwa majani hayo tangu zamani.

Mwaka 1952, Hyman Kirsch, mwenye kiwanda cha vinywaji huko New York, alianza kuuza kinywaji kisicho na sukari kilichoitwa No-Cal. Yeye alikuwa pia mmoja wa wakubwa wa hospitali ya wagonjwa wa maradhi ya kudumu mtaani Brooklyn. Alitaka wagonjwa wa kisukari wapate kinywaji kitamu kisichowadhuru. Angalieni jambo hili: kinywaji hiki hakikuanza kama dawa ya unene. Kilianza kama badala ya sukari kwa wale ambao sukari inawaumiza.

Lakini haukupita muda mrefu, wenye viwanda waliona kwamba wanunuzi wengi si wagonjwa, bali ni watu wanaotaka kukonda. Kampuni kubwa zikafuata. Tab ilitoka mwaka 1963, na Diet Coke mwaka 1982. Leo katika maduka ya miji yetu utaona vikopo vyenye maneno zéro, light, au sans sucre. Maneno hayo matatu hutuambia jambo moja, kwamba sukari haimo au ni kidogo sana. Lakini light hutumiwa pia kwa vitu vilivyopunguzwa mafuta au sukari nusu tu. Ndiyo maana yafaa kusoma nyuma ya kikopo, mahali palipoandikwa hesabu ya gramu za sukari.

4. JE, WATU WALIOPIMWA WALIPUNGUA?

Sasa tumefika kwenye swali lenyewe. Maneno ya jirani hayatoshi. Shurti watu wapimwe kwa mizani.

Huko Uholanzi waganga walichukua watoto 641, wenye umri wa miaka 4 mpaka 11, waliozoea kunywa vinywaji vitamu. Kila siku kila mtoto alipewa kikopo kimoja cha mililita 250. Nusu ya watoto walipewa kinywaji chenye sukari, na nusu kisicho na sukari. Vikopo vilifanana, watoto hawakujua tofauti. Baada ya miezi 18 watoto wote walikuwa wameongezeka, kama iwapasavyo watoto. Lakini wenye sukari waliongezeka kilo 7 na gramu 400 hivi, na wasio na sukari kilo 6 na gramu 350. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2012. Twajifunza hivi: kuondoa sukari katika kikopo kimoja cha kila siku kulipunguza uzito kwa kilo moja hivi. Si ajabu kubwa, lakini ni kweli.

Lakini tukilinganisha kinywaji hiki na maji, inakuwaje?

Huko Marekani watu wazima 303 walifundishwa namna ya kula na kutembea ili wapungue. Wote walikuwa wamezoea vinywaji visivyo na sukari. Wengine waliambiwa waendelee navyo, wengine waliambiwa waviache na kunywa maji. Baada ya mwaka mmoja, waliovinywa walikuwa wamepungua kilo 6 na gramu 200. Wa maji walipungua kilo 2 na gramu 450. Lakini yafaa kujua kwamba fedha za kazi hiyo zilitoka katika chama cha wenye viwanda vya vinywaji.

Huko Tehran, Irani, waganga waliwapima wanawake wanene waliokuwa wakifuata mafundisho ya kupunguza uzito. Nao pia walizoea vinywaji hivyo. Wengine waliendelea kuvinywa baada ya chakula cha mchana, wengine walikunywa maji. Baada ya majuma 24, wa maji walikuwa wamepungua kilo 8 na gramu 800. Wale wengine walipungua kilo 7 na gramu 600. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2015.

Waona kwamba katika nchi moja maji yalishindwa, na katika nchi nyingine maji yalishinda. Lakini angalia jambo moja ambalo ni sawa katika nchi zote mbili. Watu wale walikuwa wakifundishwa kupunguza chakula na kutembeza miili yao. Kazi kubwa ilifanyika kwenye sahani na kwa miguu. Kinywaji kilikuwa msaidizi tu.

5. KWA NINI WENGINE HUVINYWA NA BADO WANANENEPA?

Mwaka 2023 OMS ilikusanya kazi nyingi za namna hii, 283 kwa hesabu, ikazipima pamoja. Katika majaribio ya muda mfupi, watu waliotumia vikolezo vya utamu walipungua kidogo, chini ya kilo moja. Lakini watu walioangaliwa kwa miaka mingi katika maisha yao ya kawaida, wale waliovitumia sana walionekana kuwa na unene zaidi, na kisukari zaidi, na maradhi ya moyo zaidi. Kwa hiyo OMS ilitoa shauri: watu wasitumie vikolezo hivi kama njia ya kupunguza uzito.

Je, vikolezo ndivyo vilivyowanenepesha watu wale? Tusiseme haraka. Ukihesabu watu wanaotembea na fimbo, utawaona wengi wenye miguu mibaya. Je, fimbo ndiyo iliyovunja miguu yao? Hapana, walishika fimbo kwa sababu mguu ulikuwa mbaya tangu mbele. Vilevile watu wengi huanza kunywa sukre isiyo na sukari wakati wamekwisha kuwa wanene. OMS yenyewe ilikumbuka jambo hili, na ndiyo sababu shauri lake halikutolewa kama amri ya nguvu.

Lakini ziko sababu nyingine ambazo kila mtu anaweza kuziona nyumbani mwake.

Ya kwanza, mtu hujilipa. Anasema moyoni, "Leo nimekunywa zéro, basi naweza kuongeza mandazi mawili." Au anaongeza mafuta katika sombe. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya mawese kina kalori 120 hivi. Chupa ya kola ilikuwa na kalori 140. Basi kwa kijiko kimoja tu cha mafuta, karibu faida yote imepotea. Kwa vijiko viwili amepita.

Ya pili, mtu huongeza kinywaji badala ya kubadilisha. Alikuwa akinywa maji wakati wa chakula. Sasa anakunywa kikopo cha zéro, kwa sababu amesikia kwamba kinakondesha. Lakini maji hayakuwa na kalori tangu zamani. Kikopo hakikuondoa kitu. Hakuna kinywaji kinachoyeyusha mafuta ya mwili.

Ya tatu, ulimi haujifunzi. Mtu aliyezoea utamu mwingi huona maji hayana ladha, matunda hayatoshi, na chai ni chungu. Kwa hiyo OMS ilishauri kwamba watu wapunguze utamu wa vyakula vyao kwa jumla, na waanze hivyo tangu utoto.

6. ONYO KWA WAGONJWA WA KISUKARI

Shauri lile la OMS la mwaka 2023 halikuwahusu watu waliokwisha kuwa na ugonjwa wa kisukari. Kwao kinywaji kisicho na sukari kina faida moja iliyo wazi. Chupa ya sukre ya kawaida hupandisha sukari ya damu upesi. Isiyo na sukari haiipandishi hivyo. Kwa hiyo kwenye arusi, mgonjwa wa kisukari akichagua kati ya hizo mbili, achague isiyo na sukari. Na maji ni mazuri kuliko zote mbili.

Lakini kuna saa moja ambapo zéro yaweza kumpoteza mgonjwa. Soma neno hili vizuri, tena uwasomee watu wa nyumba yako.

Mgonjwa anayepigwa sindano za insulini, au anayemeza vidonge kama glibenclamide, anaweza kushukiwa na sukari ya damu. Labda alichelewa kula, au alifanya kazi nzito shambani. Dalili zake ni hizi: anatetemeka, anatoka jasho, anasikia njaa kali, moyo unapiga mbio, kichwa kinazunguka, anasema maneno yasiyo na maana. Watu wengine humdhania kuwa amelewa.

Saa ile mgonjwa huhitaji sukari ya kweli, tena upesi. Usimpe kikopo cha zéro! Ni kitamu kinywani, lakini hakina kitu cha kupandisha sukari ya damu. Mpe nusu chupa ya sukre ya kawaida, au koroga vijiko vinne vidogo vya sukari katika maji, umpe anywe. Ngoja dakika 15. Kama hajapata nafuu, mpe tena. Akipata nafuu, mpe chakula, halafu mpeleke kwa mganga ili dawa zake ziangaliwe.

Lakini kama amezimia, usimmiminie kitu kinywani, kwa maana kitaingia katika mapafu. Mlaze kwa ubavu, umchukue hospitali mara moja.

7. BASI, TUFANYE NINI?

Kama hunywi sukre, usianze kununua zéro kwa ajili ya kukonda. Haitakupa kitu ambacho maji hayakupi.

Kama umezoea sukre kila siku, na maji peke yake yanakushinda, zéro yaweza kuwa kama daraja. Watu huvuka daraja, hawajengi nyumba juu yake. Fanya hivi: Juma la kwanza andika chupa zote unazokunywa. Juma la pili nusu ya chupa hizo ziwe zisizo na sukari. Juma la tatu zote ziwe zisizo na sukari. Kisha uanze kuzibadilisha kwa maji, moja baada ya nyingine, mpaka zéro nayo iwe kitu cha siku ya sikukuu tu. Na mtu asiye na fedha za kununua zéro asihuzunike. Avuke moja kwa moja kwenda kwenye maji.

Maji yenyewe yawe safi. Yachemshe, yapoze, uyaweke katika chombo chenye kifuniko. Ukipenda, kamulia limau ndani yake. Maji machafu yana maradhi yake, na watu wengine hununua sukre safarini kwa sababu hawaamini maji ya njiani. Basi beba chupa yako ya maji yaliyochemshwa.

Usisahau chai. Mama anayekunywa vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja na vijiko vinne, amekwisha kula vijiko 12 kabla hajagusa sukre. Apunguze kijiko kimoja kila juma. Ulimi utazoea. Malta nayo ina sukari, na vile vikopo vya kutia nguvu vina sukari nyingi. Maji ya matunda vilevile. Ni vema kula tunda lenyewe.

Kisha uitazame sahani yako. Nusu yake iwe mboga: sombe, lengalenga, kabichi. Robo iwe bugali, wali au viazi. Robo iwe maharage, samaki, yai au nyama. Mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka katika chupa. Tena utembee. Dakika 30 za kutembea kwa haraka, siku tano kwa juma, zinatosha kuanza. Jipime mara moja kwa juma, kwa mizani ileile, asubuhi, uandike hesabu. Mizani haibembelezi mtu.

Na ninyi mnaopanga arusi na mikutano ya wamama, mnaweza kusaidia wengi. Wekeni maji safi kwenye kila meza kabla ya kuleta sukre. Mgeni mwenye kiu atakunywa maji kwanza, kisha chupa moja itamtosha. Wekeni pia chache zisizo na sukari kwa ajili ya wazee wenye kisukari, ili wasione haya ya kukataa au kunywa kitu kinachowadhuru.

8. WATU HUULIZA

Je, zéro inaleta kansere? Mwaka 2023 shirika la OMS linalochunguza kansere liliweka aspartamu katika orodha ya vitu ambavyo labda vinaweza kuleta kansere, kwa maana ushahidi ulikuwa mdogo, haukutosha kusema ndiyo. Wakati uleule wataalamu wengine wa kupima vyakula hawakuona sababu ya kubadilisha kipimo cha zamani, yaani miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Mtu mwenye kilo 70 angepaswa kunywa zaidi ya vikopo 9 kwa siku ili kupita kipimo hicho. Basi kikopo kimoja si sumu. Lakini si chakula pia.

Je, nimpe mtoto? Usimzoeze. Mtoto aliye na kiu apewe maji, na mtoto mchanga maziwa ya mama yake.

Je, meno yanapona? Kuoza kwa meno huletwa hasa na sukari, na hapo zéro ni afadhali. Lakini uchachu wake bado hula ngozi ngumu ya meno. Usiinywe polepole mchana kutwa.

Je, kuna mtu asiyepaswa kabisa kunywa aspartamu? Ndiyo. Kuna ugonjwa wa kuzaliwa nao, ambao si wa watu wengi, ambamo mwili hauwezi kutumia sehemu moja ya aspartamu iitwayo fenilalanini. Ndiyo maana vikopo vina onyo juu ya jambo hilo.

Sasa unaweza kumjibu jirani. Sukre isiyo na sukari hukuondolea sukari ya chupa ile moja. Kazi yake inaishia hapo. Haikuondolei mafuta ya sahani, wala haitembei kwa niaba yako.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Chupa ya kola ya mililita 330 ina vijiko vingapi vya sukari? Juma lililopita ulikunywa chupa ngapi?
2. Kwa nini mtu anaweza kunywa zéro kila siku na bado asipungue?
3. Mgonjwa wa kisukari anatetemeka na kutoka jasho. Utampa kinywaji gani? Na kama amezimia, utafanya nini?
4. Katika arusi ijayo, nani atakayesimamia maji ya meza?